Mzazi, Unaitwa Shuleni (na Safari Hii Si Mchango)

Simu imetoa mlio. Ni kundi la wazazi: "Kikao Jumamosi saa tatu asubuhi, bila kukosa." Umeguna, usikatae. Jumamosi kuna nguo za kufua, kuna arobaini ya jirani, kuna mteja aliyeapa kuja kuchukua kabati lake. Na kuna kasauti kanakokunong'oneza: si elimu ni bila malipo siku hizi? Ada ilifutwa Januari 2016 hadi kidato cha nne, baadaye ikafutwa hadi cha sita. Serikali inaleta hela, walimu wanafundisha, mimi natafutwa ya nini?

Unatafutwa kwa sababu hela yenyewe ni kidogo, na hela kidogo isipoangaliwa na wengi huyeyuka bila hata mtu kuiba. Habari njema ni kwamba huhitaji cheo, suti wala mkoba mnene ili shule ya mtaani kwenu ikuhesabu. Vidokezo hivi 12 ni vya mtu mwenye haraka, na vinahusu hasa shule zetu za msingi za serikali hapa Tanzania. Anza na kimoja wiki hii. Ukimaliza vyote, watakuita mheshimiwa, shauri yako.

1. Hifadhi namba tatu

Ya kwanza, mwalimu wa darasa la mwanao. Ya pili, mwenyekiti wa kamati ya shule. Ya tatu, Afisa Elimu Kata. Basi. Wazazi wengi wana namba ya mwalimu mkuu peke yake, na yeye ndiye mwenye simu isiyopokelewa kuliko zote wilayani, maskini, maana anapigiwa na kila mtu.

Mwenyekiti ni nani? Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka shule ya msingi ya umma iwe na kamati, na ndani yake wamo wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao. Mwalimu mkuu anakaa humo kama katibu. Umesoma vizuri: katibu. Kiti cha mbele ni cha mwanajamii, huenda ni yule fundi baiskeli unayempita kila asubuhi bila salamu. Kesho msalimie.

2. Toa kikokotoo, piga hesabu ya ruzuku

Hapa ndipo watu wengi huamka. Elimu bila malipo ilipoanza, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, na Sh 6,000 zikawa zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Gawa 6,000 kwa miezi 12. Umepata 500. Soda huipati kwa bei hiyo.

Sasa uliza shule ina wanafunzi wangapi. Tuseme 800. Mara 500, ni Sh 400,000 kwa mwezi, ndani yake kuna chaki, karatasi za mitihani, bawaba ya mlango iliyong'oka, mpira wa michezo na wino wa mashine. Ukiwa na hesabu hii kichwani, hakuna wa kukuyumbisha. Anayenong'ona kijiweni kwamba mwalimu mkuu "anakula mamilioni" utamwuliza mamilioni hayo yametoka akaunti ipi. Na atakayekuambia mbele ya kikao kwamba "hakuna kitu kilichoingia mwaka mzima" utamwomba, kwa adabu zote, taarifa ya benki. Hesabu moja, kazi mbili.

3. Pita ubaoni, piga picha

Nje ya ofisi ya walimu kuna ubao wa matangazo. Usogelee. Mara nyingi utakuta ratiba ya zamu, tangazo la mashindano yaliyokwisha, na chini kabisa karatasi iliyobadilika rangi kwa jua, pini moja imeshatoka, upepo ukija inapepea. Isome hiyo. Inatakiwa iwe mapato na matumizi ya shule: kiasi gani kimepokelewa, kimetumika kwa nini, kimebaki kiasi gani.

Mbinu: piga picha kila robo mwaka ukija kumchukua mtoto. Huna haja ya kusema neno. Baada ya picha mbili utaona kama tarehe inasogea au imeganda. Ikiwa imeganda, mwendee mwalimu mkuu: "Shikamoo mwalimu, naona taarifa ya robo iliyopita haijabandikwa, tunaweza kuipata lini?" Sema "lini", usiseme "kwa nini". Lini humfanya mtu atafute kalenda. Kwa nini humfanya atafute wakili.

4. Kikaoni, nenda na swali moja tu

Tuzungumzie kikao chenyewe, maana hapo ndipo mambo yanapoamuliwa, na ndipo wengi wetu tunapopotelea.

Ujumbe ulisema saa tatu. Saa tatu na nusu wapo wazazi kumi na wawili chini ya mwembe, wote wamekaa nyuma, viti vya mbele vitupu kama vina upele. Saa nne na robo mwenyekiti anafungua. Kuna sala, kuna utambulisho, kuna mgeni anayetambulishwa mara mbili. Mapato na matumizi yanasomwa kwa kasi ya mtangazaji wa mpira dakika ya tisini. Halafu unafika wakati wa wazazi kuuliza, na baba mmoja anasimama kueleza enzi zake, wakati wao wakitembea kilomita nane peku. Jua limeshakuwa kali. Mama mwenye mtoto mgongoni anaondoka. Lile jambo lako la choo limewekwa kwenye "mengineyo", na mengineyo yamefikiwa wakati watu wanajipangusa vumbi.

Dawa ipo. Kwanza, jambo zito halisubiri mengineyo. Siku tatu kabla, mpigie mwenyekiti (si unayo namba yake?) uombe liwe ajenda, liandikwe na lisomwe likiwa na namba yake. Pili, kaa mbele. Ni bure, na wasomaji wa taarifa hupunguza mwendo wakiona jicho limewatulia. Tatu, beba swali moja. Mwenye maswali sita huonekana ana lake jambo. Mwenye moja hujibiwa. Ukikosa la kuuliza, hili halichuji: "Naomba tusomewe muhtasari wa kikao kilichopita, tulikubaliana nini, na kipi kimefanyika?" Utaona jinsi ukimya unavyoingia.

Kwa walio vijijini kuna mlango mwingine. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, na mambo ya shule ni ya mkutano huo pia. Likikwama shuleni, lipeleke huko. Diwani akiwapo, vizuri zaidi.

5. Mchango bila stakabadhi ni zawadi

Neno "mchango" limewagombanisha wazazi na walimu kuliko jingine lolote, kwa hiyo twende taratibu. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, akakataza walimu kushika hela za wazazi. Hiari haikufutwa. Wazazi wakikaa, wakakubaliana na kuandika muhtasari, wanaweza kuchangia chakula au mlinzi, kwa utaratibu unaojulikana na uongozi. Kisichokubalika ni kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya deni la baba yake. Likitokea, usiende kufoka langoni. Namba ya tatu kwenye simu yako ina kazi hapo.

Sheria yako ya nyumbani iwe hii: hela ikitoka mkononi, karatasi irudi mkononi. Hata ikiwa ni Sh 2,000. Hata ikiwa mpokeaji ni shemeji yako. Hasa ikiwa ni shemeji yako.

Na kama mfuko umetoboka mwezi huo, sema mapema. Kwenye vikao vingi hukubalika mzazi kutoa kwa awamu, au kutoa kitu: debe la mahindi, mzigo wa kuni, siku ya kazi. Anayejificha ndiye hubandikwa jina la mkaidi, ilhali aliyekuja kusema "sina, ila nina mikono" hupangiwa kazi na mambo yanaisha.

6. Anza na uji, wali utafuata

Kuna shule ambazo mtoto huingia saa moja asubuhi na kutoka alasiri akiwa hajatia kitu tumboni zaidi ya maji ya bomba. Mfundishe huyo kugawanya kwa desimali saa saba mchana, tuone. Mwongozo wa taifa wa chakula shuleni umewaweka wazazi na jamii mstari wa mbele katika jambo hili, na ukweli ni kwamba shule zinazofanikiwa hazikuanza na wali maharage. Zilianza na kikombe cha uji.

Siri kubwa ni majira. Kamati nyingi hukumbuka chakula Januari na Februari, shule zinapofunguliwa, wakati ambapo gunia la mahindi limepanda bei na kila mtu amemaliza akiba kwa sare na madaftari. Panga mchango wa nafaka wakati wa mavuno. Mzazi ambaye Februari anakuona mnyang'anyi, Julai anakupimia debe huku anacheka.

Kisha linda ulichokusanya. Dumuzi akiingia kwenye stoo ya shule hatambui kamati. Mifuko ile isiyopitisha hewa, ambayo madukani wengi wanaiita mifuko ya PICS, hufaa sana: mahindi yakaushwe vizuri, mfuko ufungwe vizuri, na usifunguliwe kila siku kwa udadisi. Weka daftari stooni lenye safu tatu tu, yaani kilichoingia, kilichotoka, aliyetoa. Mpishi asaini, mwalimu wa zamu asaini. Mzazi mmoja apite Ijumaa kulinganisha daftari na magunia. Ni kazi ya dakika kumi na tano, na ndiyo inayowafanya wengine waendelee kuchangia, kwa sababu watu hawachoki kutoa, wanachoka kutojua.

Na wale wasioweza? Watoto wao wanakunywa uji uleule, kwenye mstari uleule. Hili lisiwe na mjadala kikaoni. Mzazi ataleta kuni au atashika zamu ya kuteka maji. Ukianza kuwatenga watoto wakati wa kula, umeanzisha utoro kwa mikono yako mwenyewe.

7. Hesabu matundu

Ndiyo, ya choo. Kipimo kinachotumika kwetu ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Chukua idadi ya wasichana, gawa kwa 20, halafu zunguka nyuma ya madarasa uhesabu. Milango ipo? Inafungwa kwa ndani? Maji yako wapi? Kuna sehemu ya kujisitiri kwa binti aliyeingia kwenye siku zake, au anajikusanya na kurudi nyumbani mpaka wiki iishe?

Wanaume, msiwaachie kina mama hili peke yao. Komeo la mlango halijali jinsia ya aliyelifunga, na ni kazi ya fundi mmoja kwa asubuhi moja.

8. Ujenzi ukija, omba kamati ya mapokezi

Sisi ni watu wa kujenga shule kwa mikono. Katikati ya miaka ya 2000, shule za sekondari za kata ziliota nchi nzima kwa tofali za wananchi. Huko Tanga na Kilimanjaro siku ya kazi ya pamoja wanaiita msaragambo: jembe begani, ndoo kichwani, wengine kusomba mchanga, wengine mawe, wazee kwenye kivuli wakitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Mtindo wetu unajulikana: wananchi wanainua boma hadi lenta, kisha tunasubiri halmashauri ije kupaua. Maboma mengine yamesubiri mpaka yameota miti.

Siku hizi hela nyingi za madarasa huja shuleni kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa hapohapo, maarufu kama "force account". Mwaka 2021, kwenye zile fedha za UVIKO-19 za Sh trilioni 1.3, yalipangwa madarasa 15,000: ya sekondari 12,000, na 3,000 kwenye shule shikizi. Utaratibu huu hutaka kamati tatu za watu wa shule na jamii: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi.

Watu hugombania manunuzi. Wewe omba mapokezi. Haina sherehe, lakini ndiyo inayosimama kwenye vumbi lori likifika na kuuliza: saruji ni mifuko mingapi kwenye hati, na mingapi inateremka? Nondo ni za milimita ngapi? Mbao zimekauka au zinatoa maji? Beba futi ya fundi mfukoni. Hesabu mifuko ikiwa inateremshwa. Ikishapangwa stoo, ile ya katikati huioni na ukuta wa mbele hukudanganya. Usisaini hati kabla lori halijabaki tupu, hata kama dereva anasema anawahi mzigo mwingine. Na akikwambia "bosi, tuelewane", mwambie mmeshaelewana, ni mifuko mia moja.

Huna ujuzi wa ujenzi? Kuna fundi mstaafu mtaani kwenu anayekosoa kila nyumba inayojengwa. Mpeni kazi rasmi.

9. Dakika tatu za kusikiliza

Hiki ni cha nyumbani, jioni, chai ikichemka. Chukua hadithi fupi ya kitabu cha darasa la pili. Mpe mwanao, hata kama yuko la tano. Hasa kama yuko la tano. Mwambie asome kwa sauti, kisha muulize imehusu nini. Halafu mpe swali moja la kutoa na moja la kujumlisha, la tarakimu mbili.

Watafiti wa Uwezo walizunguka nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakipima watoto kwa maswali ya kiwango hichohicho cha darasa la pili, na taarifa zao za miaka ya 2010 zilishtua: wapo wengi waliofika madarasa ya juu bila kumudu hadithi hiyo. Ripoti ya muhula inaweza kukuambia mtoto ni wa 14 kati ya 90. Haikuambii kama anajua kusoma.

Ukigundua kuna shida, usimchape mtoto wala usimpigie mwalimu ukiwa na hasira. Waombe wazazi watatu wa darasa hilo wafanye zoezi lilelile. Mkiona ni watoto wengi, mna jambo la kupeleka kwa mwalimu wa darasa kama kundi: "Mwalimu, tumejaribu hivi nyumbani, tumeona hivi, tukusaidieje?" Hapo ndipo ushirikiano wa wazazi na walimu, ule wengine wanaouita UWAWA na wengine UWW, unapopata kazi ya maana kuliko kupanga mahafali. Mzazi aliyemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani anaweza kusoma na watoto kumi Jumamosi chini ya mti. Kiti, kitabu, saa moja.

10. Mtafutie mwalimu chumba

Mwalimu mpya amepangiwa kijijini kwenu. Ameshuka na begi, godoro na jiko la gesi, hajui hata maji yanatekwa wapi. Wiki mbili za kwanza ndizo zinazoamua kama atakaa au ataanza kutafuta uhamisho. Chumba chenye paa lisilovuja, jirani wa kumwonyesha gulio liko siku gani, mkungu wa ndizi siku ya kwanza. Shule ikiwa na walimu wawili na madarasa saba, hakuna kikao kitakachowasaidia kuliko huyu mtu kuamua kubaki.

11. Ukikasirika, panda ngazi, usiruke ukuta

Mtoto amerudi na alama za fimbo mguuni. Damu imechemka, umevaa kandambili, unaelekea shuleni. Simama kwanza, piga picha ya alama hizo, mpeleke kituo cha afya kama ameumia. Kisha ujue kanuni inasemaje: adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa na mwalimu mkuu kwa maandishi, visizidi vinne, na lazima iandikwe kwenye kitabu cha adhabu. Mzazi anayeingia ofisini na kusema "naomba kuona kitabu cha adhabu cha jana" ana nguvu kuliko anayepiga kelele dirishani mpaka watoto wa darasa zima wakacheka.

Ngazi ni hizi: mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati, Afisa Elimu Kata, halafu ofisi ya elimu ya halmashauri. Kila ngazi acha maandishi, hata mistari mitano, yenye tarehe, na ubaki na nakala. Ila jambo likiwa ni la jinai, kama vile mtoto kubakwa au binti kupewa mimba, ngazi hizo ziruke zote, nenda polisi na ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Mambo hayo hayamalizwi kwa mbuzi wawili na suluhu ya wazee.

Na binti aliyejifungua ana nafasi ya kurudi darasani; waraka wa kumruhusu ulitoka Novemba 2021. Kama yupo mtaani kwenu anayeuza maandazi kwa sababu hakuna aliyemwambia, mwambie wewe.

12. Gombea

Umefanya vyote? Au hata vitano? Basi hamna sababu ya kuendelea kulalamikia kamati kutoka nje. Ukamati hauna mshahara, una vikao, una lawama, una simu za saa mbili usiku kuhusu mbuzi walioingia shamba la shule. Lakini ndio unaopitisha mpango na bajeti ya shule, na bajeti ikishapitishwa bila wewe, yaliyobaki ni maoni.

Watu wa kampeni wanajua: kura za kamati hazipigwi siku ya kikao, hupigwa kisimani, gulioni na kwenye bodaboda wiki moja kabla. Waambie watu jambo moja utakalolisimamia, lenye kuhesabika. "Maendeleo ya elimu" husemwa na kila mgombea. "Taarifa ya mapato ubaoni kila robo" husemwa na mmoja, na watu hulikumbuka. Kina mama, nafasi ya mweka kumbukumbu wa kikundi chenu cha VICOBA ni uzoefu tosha. Aliyemudu kukusanya marejesho kwa wanawake thelathini hashindwi na daftari la stoo.

Kama mwanao yuko sekondari, huko chombo ni bodi ya shule, na wajumbe wake huteuliwa, kwa hiyo jieleze mapema kwa mkuu wa shule na diwani kwamba upo na una ujuzi gani. Huna mtoto shuleni kabisa? Muuguzi mstaafu, seremala, mhasibu aliyerudi kijijini, wote mnatakiwa. Muulize mwalimu mkuu kamati iliyopo inamaliza muda wake lini. Tarehe hiyo iingize kwenye kalenda ya simu, na chini yake andika jina la mtu mmoja atakayenyoosha mkono kukupendekeza.